Vizibo vya Mama Mdogo

Kurasa za majibu nilizificha mimi. Mama mdogo alizikata kwa wembe kutoka mwisho wa kitabu cha hisabati, akazikunja mara mbili, akanitia mkononi.

"Ziweke nisipopajua," akaniambia. "Nikipajua nitachungulia."

Nikazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo nikalisukuma uvunguni mwa kitanda changu, nyuma ya viatu.

Mama mdogo alikuwa akijitayarisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, naye ni mtu mzima mwenye watoto waliokwisha kumpita kimo. Aliacha shule kidato cha pili, akaolewa, akawa mkulima wa mwani hapa Kibuyuni pamoja na kina mama wenzake. Siku ambazo maji ya bahari hayatoki asubuhi na shambani hapaendeki, alikuwa akienda kusaidia darasa la chekechea. Aliwafuta watoto kamasi, akawaimbisha, akawagawia uji. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyezungusha maneno, alikuwa amemwambia: ukifaulu, darasa hili ni lako na chuo utasoma wakati wa likizo, usipofaulu, nitaletewa mwingine mwenye cheti. Masomo mengine aliyamudu. Hisabati ndiyo iliyomkwama kooni.

Mimi niliishia darasa la nane. Mama yangu mzazi anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, nami nimekaa kwa mdogo wake tangu nilipomaliza shule. Si mtu wa maneno mengi. Wageni wakibisha hodi, mimi huingia jikoni, na wakiulizia yule binti yuko wapi, huwa nasonga ugali ambao haujafika wakati wake. Tena mkono wangu ni mzito. Mama mdogo akiniona na kalamu husema, "Huyu haandiki, anadarizi."

Kazi aliyonipa ilinifaa, kwa sababu haikuwa na kusema. Baada ya sala ya alasiri alikaa jamvini na daftari lake la mistari ya miraba, akafanya maswali kumi. Akimaliza alinipa. Nami niliingia chumbani, nikafungua kopo, nikalinganisha, nikaweka tiki, au mkasi wa kosa, kwa kalamu nyekundu. Sikutakiwa kuelewa chochote. Lakini mtu hawezi kutazama jambo kila siku kwa miezi asielewe hata kidogo.

Asilimia ndizo nilizoelewa kwanza, na si kitabuni. Tulikuwa kwenye chanja cha kuanikia, tukigeuza mwani wa juzi. Mama mdogo akainua fungu moja kwa mkono mmoja, akanipa nilishike.

"Ulipotoka majini uliubeba wewe. Ulikuwaje?"

"Mzito."

"Uite mia. Sasa umebaki nini?"

Nikapima kwa mkono. "Hata ishirini haufiki."

"Basi hiyo ndiyo asilimia. Iliyokwenda ni maji." Akalirudisha fungu chanjani. "Na ukinunua simu ya kupunguziwa bei, uliza ni mwani au ni maji."

Darasani niliziimba asilimia mwaka mzima bila kuzijua. Jioni ile nilirudi nyumbani nikajaribu swali moja kwa siri, nyuma ya karatasi ya kalenda. Nikalipata. Nikakaa nikilitazama.

Mkasi wa kwanza ulionishangaza ulikuja katika swali la shule yenye wanafunzi mia nne, ambao asilimia thelathini na tano ni wasichana. Wavulana ni wangapi? Kazi yote aliifanya vizuri, mstari kwa mstari. Jibu la kitabu lilikuwa 260. Yeye aliandika 259.

Nikadhani kalamu imeteleza. Kesho yake mfugaji alikuwa na mbuzi themanini, wakaongezeka kwa asilimia kumi na tano. Kitabu kilisema 92, yeye 91. Siku hiyohiyo tangi la maji alilipata sawasawa, mifuko ya saruji sawasawa, kitambaa cha mshonaji sawasawa mpaka nukta ya mwisho.

Nikaweka mikasi. Mama mdogo akaitazama, akasema "Haya," akafunga daftari. Hakuuliza alikosea wapi. Hilo ndilo lililoniwasha, maana kwenye maswali mengine alikuwa akibishana na kitabu kama anabishana na mchuuzi.

Siku moja alipokwenda matangani nilitoa madaftari yake yote mawili, nikapita ukurasa baada ya ukurasa nikitazama mikasi tu. Iliyotokana na kukosea kweli niliiacha. Iliyobaki yote ilikuwa ya majibu yaliyopungua moja. Na yote ilikuwa ya watu, mbuzi, ng'ombe au kuku. Minazi aliihesabu yote. Samaki wa sokoni aliwahesabu wote, lakini kwenye swali la samaki wa bwawani, walio hai, alipunguza mmoja.

Hapo nikajua si makosa. Anajua jibu, ila halitaji.

Nilikaa siku tatu bila kumwambia. Mtu aliyekulea humwendei ukamwambia, mama, nimekukamata. Siku ya nne tulikuwa tumekaa kivulini tukifunga miche ya mwani kwenye kamba, fundo baada ya fundo, na mikono ikiwa na kazi mdomo huwa mwepesi kidogo.

"Mama mdogo."

"Naam, mwanangu."

"Wale mbuzi walikuwa tisini na mbili."

Hakuinua kichwa. Alifunga mafundo mawili, la tatu akalikaza kwa meno.

"Nilidhani hutaona," akasema.

Akanieleza. Bibi yetu, mama yao, alikuwa akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wapo, alhamdulillahi," na humtoi neno zaidi. Mifugo aliitazama zizini ikiingia, akajua imetimia kwa macho, lakini idadi haikutoka kinywani. Ukilazimika kutaja, mmoja unamwacha. Kutaja wote ni kuwatoa nje, jicho la mtu liwafikie. Mama mdogo alikuwa msichana mkaidi, akaona hayo ni ya wazee. Mara moja jirani alimwuliza kuku wake ameangua vingapi, naye akasema kwa sauti, kumi na viwili, vyote vizima. Hadi Ijumaa kunguru walikuwa wamebakisha vitatu.

"Kunguru hula vifaranga hata visipohesabiwa," nikasema. Maneno yalinitoka tu.

Akacheka. "Najua. Na ustadhi ameshatuambia si dini. Mimi mwenyewe najua si dini. Lakini mkono ukifika pale pa kuandika watoto wote wa shule nzima, unakataa. Mia mbili na sitini, watoto wa watu, waziwazi hivi?"

"Ni wa kitabuni."

"Aliyetunga swali amewaona wapi? Si ameona watoto fulani?" Akasukuma kamba upande wangu. "Halafu hata hisabati yenyewe huacha moja. Vigingi ishirini shambani, nafasi ngapi katikati?"

"Kumi na tisa."

"Ehe! Wanafunzi wenzangu wote walisema ishirini. Mimi peke yangu niliyepata."

Tuliendelea kufunga.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya tuisheni. Watahiniwa watu wazima walikutana katika darasa moja la shule ya msingi, na mwalimu alikuwa kijana wa bara aliyehamia huku, mpole, mwenye kusema haraka. Mimi nilimsindikiza mama mdogo, nikakaa dawati la nyuma kabisa karibu na mlango, nikijifanya nachunga mkoba wake. Watu walikuwa saba au wanane. Naona nami nimeshindwa kuwataja kwa idadi kamili.

Mwezi wa nane mwalimu aliwapa mtihani wa majaribio, na Jumamosi iliyofuata akarudisha karatasi. Mama mdogo alikuwa amepungukiwa na alama nne kufikia kiwango cha kufaulu. Mwalimu akasimama karibu na dawati lake.

"Mama, kazi yako ni safi. Halafu mwisho unaharibu. Hapa moja imepotea. Hapa moja. Hapa tena. Hii moja unaipeleka wapi kila siku?"

"Anamwekea mumewe," akasema jamaa mmoja wa bodaboda kutoka Shimoni, naye alikuwa mtahiniwa. Darasa likaangua kicheko.

"Mume wangu anakula zaidi ya moja," mama mdogo akamjibu, wakacheka tena. Lakini nilimwona akikunja kona ya karatasi na kuikunjua. Maswali yenye viumbe katika mtihani ule yalikuwa matano. Alama nne alizokosa zilikuwa mlemle, na moja ya ziada.

"Si mzaha, mama," mwalimu akasema. "Mtihani umebaki miezi michache. Niambie shida ni nini."

Mama mdogo akageuka, akanitazama mimi kule nyuma. Hakuniomba kwa neno. Watu wote wakageuka kuona anatazama nini, na hapo uso ulinichoma kama niliyeinamia jiko. Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, hakuna aliyeniambia nisimame.

"Hajakosea, mwalimu," nikasema. "Anawaonea huruma. Watu na wanyama hawahesabu wote. Anamwacha mmoja wasipatwe na jicho."

Nilingoja kicheko. Yule wa bodaboda alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu alikaa juu ya dawati tupu, karatasi mkononi.

"Hata kwetu," akasema polepole, "nyanya yangu hangekubali uhesabu ng'ombe. Alikuwa anasema ng'ombe wanaangaliwa, hawahesabiwi. Ukinyoosha kidole hivi, anakuchapa hicho kidole." Akatikisa kichwa. "Lakini mama, yule atakayesahihisha karatasi yako hana nyanya kama yangu. Ama anaye na amemsahau. Yeye ataangalia tu jibu."

"Nimeelewa, mwalimu," mama mdogo akasema.

"Utaandika yote?"

"Nitajaribu."

Baada ya hapo mwalimu akaingia kwenye kalkulasi, mada ya mwisho, ambayo wengi walikuwa wameshaamua kuiruka. Nilisikiliza kwa sababu bado moyo ulikuwa ukinidunda na nilitaka kitu cha kutazama. Akaandika ubaoni x kipeo cha pili jumlisha tano. Chini yake, x kipeo cha pili jumlisha tisa. Akafanya ile kazi ya kutafuta kasi ya kubadilika, na zote mbili zikatoa 2x. Ile tano imekwenda. Ile tisa imekwenda.

"Sasa turudi nyuma," akasema. "Mimi nimekupa 2x peke yake. Unarudi kwa x kipeo cha pili. Lakini ilikuwa na tano? Ilikuwa na tisa? Hujui. Kwa hivyo unaandika jumlisha c. Hiyo c ni ile iliyopotea njiani. Msiisahau, kila mwaka watu wanatupa alama hapo."

Akawapa maswali sita. Wenzake wote waliisahau c angalau mara mbili. Mama mdogo hakuisahau hata mara moja, mwalimu akamwuliza imekuwaje.

"Hiyo nimeizoea," akasema. "Ni ile anayeijua Mungu. Unaiachia nafasi yake."

Mwalimu alimtazama kidogo. "Andika hivyohivyo," akasema.

Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha, naye njiani aliimba. Lakini jioni aliponipa daftari, nikakuta amerudia lile swali la shule yenye wanafunzi mia nne. Nikafungua kopo. Jibu la kitabu: 260. Jibu lake: 260 + c.

Nilikaa na kalamu nyekundu muda mrefu. Kutia tiki sikuweza, na kutia mkasi nilisikia vibaya. Mwisho nikatoka na daftari mpaka jamvini alipokaa.

"C ni ya yale maswali mengine tu, mama mdogo."

"Nimeandika yote lakini. Mia mbili na sitini, nimeyatoa kinywani kabisa."

"Msahihishaji hataielewa."

Akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka na kitabu kile. "Basi pengine darasa si langu," akasema. "Nikisimama pale, kila asubuhi nitatakiwa kuandika kwenye rejista watoto wangapi wamekuja. Idadi kamili. Nikishindwa kuandika wa kitabuni, wale wenye majina nitaweza?"

Alisema bila kulalamika, akaingia kuwasha jiko. Nami nikabaki na daftari. Nilikuwa nikimfikiria pale mlangoni mwa chekechea, na kutoka hapo nikaifikiria chekechea niliyosoma mimi. Mwalimu wetu alikuwa na mfuko wa vizibo vya soda. Kujumlisha tulijifunza kwa vizibo. Alikuwa akisema, Juma ana maembe matatu, na sisi tunatoa vizibo vitatu. Maembe hatukuwahi kuyaona. Hata Juma hakuwako.

Nikaenda jikoni. Mama mdogo alikuwa akipepea makaa kwa kipepeo.

"Kwani ni lazima wawe watoto?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Wa kwenye swali. Ukisoma wanafunzi mia nne, sema moyoni vizibo mia nne. Kila mwanafunzi amekupa kizibo. Wewe unahesabu vizibo. Watoto hujawagusa."

Akapepea tena, moshi ukamwingia machoni, akajifuta kwa ncha ya leso. "Na mbuzi?"

"Nao wana vizibo."

"Mbuzi gani ana kizibo!" Alicheka mpaka akaweka kipepeo chini. Kisha akaacha kucheka. "Lete hilo daftari."

Tangu siku ile, kila swali lenye roho ndani yake alilipigia mstari kwa penseli, na juu ya neno akaandika herufi ndogo, *viz*. Abiria wa basi, viz. Askari wanaogawana chakula, viz. Wagonjwa wa hospitali walikuwa viz, na hao niliona aliwaandika kwa mkono wa upole zaidi. Wiki ya kwanza alipunguza mara mbili kwa mazoea. Ya pili mara moja. Baadaye mikasi iliyobaki ikawa ya makosa ya kawaida, ya alama ya kutoa iliyosahauliwa na mabano yaliyofunguliwa ovyo, nasi tukayashughulikia hayo kama watu wengine wote. Kalkulasi nilikuwa naifuata pia. Sikuwa hodari, lakini nikipewa 2x nilijua kurudi ilikotoka, na c sikuiacha.

Siku ya karatasi ya hisabati nilimfulia leso yake na kumchongea penseli mbili. Alirudi mchana, jua kali, akaketi kizingitini bila kuvua viatu. Nikamletea maji. Nilingoja anywe.

"Palikuwa na viumbe?" nikauliza.

"Vizibo," akasema, "vilikuwa vingi mno. Kiwanda kizima." Akanipa kikombe. "Nimeviandika vyote."

Matokeo yalipotoka alikuwa shambani, maji yamemfika magotini. Simu alikuwa ameniachia mimi. Nilisoma ujumbe mara tatu kwa sababu nasoma polepole na kwa sababu sikujiamini. Halafu nilifanya jambo ambalo kina mama wa mwani wananitania kwalo mpaka leo: nilikimbia mpaka ukingoni nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, mbele ya watu wote, "Umepita! Na hisabati umepita!" Mmoja wao akauliza, "Kumbe huyu ana sauti?" Mama mdogo aliinua mikono miwili, kamba ya mwani ikamponyoka ikaelea zake, na kwa muda hakuna aliyeifuata.

Darasa likawa lake. Sasa kando ya mlango wa chekechea pana kopo, lilelile la maziwa ya unga nililofichia majibu. Kila mtoto akifika huokota kizibo kutoka kwenye kikapu na kukitumbukiza koponi, na mlio ule wanaupenda mno, wengine hutaka kurudi nje waingie tena. Baada ya wimbo wa asubuhi mama mdogo humimina vizibo mezani, akavihesabu kwa sauti, kimoja baada ya kingine, na kuandika idadi kamili kwenye rejista. Mwalimu mkuu alikuja wiki ya kwanza kukagua. Alihesabu vichwa kwa kidole, akalinganisha na rejista, akaona sawa, akaenda zake. Mama mdogo alitazama pembeni wakati kidole kile kikipita.

Mimi hupeleka vizibo vikipungua, maana watoto wengine hurudi navyo nyumbani mfukoni. Naviokota kwenye maduka ya Shimoni, naviosha, nasugua kutu. Juzi nilipokuwa nikimwaga vipya kikapuni nililiinua kopo ili nilipanguse, nikaona kitu kikimeta ndani. Watoto walikuwa wamekwenda na vizibo vya siku ile vilikuwa vimeshamiminwa. Nikachungulia. Palikuwa na kizibo kimoja chini kabisa, kimebanwa kwa gundi kisitoke.

"Na hiki?" nikamwuliza.

Alikuwa akifuta ubao. Hakugeuka.

"Hicho acha hapohapo," akasema. "Hicho ni c."